Video ya "Baba Yuko Mlangoni"

Jumatatu, 3 Machi
Makala yangu imetoka gazetini. Nimeichinja singo ya bendi ya mpwa wangu: dakika nne za gitaa linalokoroma, na mtoto anachapwa mkanda na baba yake. Nimeandika kwamba hasira yao ni ya kuazima. Dada, mama wa huyo mpwa, mwimbaji wao, kanikatia simu.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa kapiga mwenyewe. Hana kinyongo, ati. Kesho wanarekodi video, wanataka mimi niwe yule baba wa kwenye wimbo. "Uso unao tayari, mjomba. Hatutakupaka kitu." Nimekubali. Mimi sikimbii ulingo!

Alhamisi, 6 Machi
Gereji tupu, taa kali. Mwongozaji kaeleza: wimbo unapigwa kasi maradufu, tunaigiza haraka hivyo hivyo. Baadaye picha inapunguzwa mwendo, miili inaelea kama majini.
Mkanda wa sponji. Mara tatu nimechapa ovyo. Mpiga ngoma kauliza kama nimekula. Mpwa kaninong'oneza:
"Babu alikuwa anapiga vizuri zaidi."
Baba yangu. Ndiye aliyemlea. Kumbe naye alichapwa, kama mimi!
Mara ya nne nimeutupa ule mkanda. Kofi — ngumi — ngumi. Mpwa kaangukia spika. Damu sikioni. Jino sakafuni. Watu wanne wamenishika.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari: ngoma ya sikio la kushoto imepasuka. Huenda ikaunga, huenda asisikie tena. Mwimbaji!
Nimemwambia dada kosa ni ile kasi: wimbo ukikimbia, mkono nao unakimbia. Kaniamini. Kamwita mwongozaji muuaji mbele ya wauguzi. Sikumsahihisha — mimi, ninayekula kwa kukosoa watu.

Jumapili, 9 Machi
Mwongozaji kaleta kile kipande cha video. Mpwa anataka kitoke kilivyo, nitie saini ya ridhaa tu. Nimekitazama kwenye kompyuta. Kofi la kwanza linaelea. Kisha wimbo unakwisha. Mpiga gitaa anashusha gitaa. Mpwa kainua mikono, midomo inasema: basi, mjomba. Mimi namfuata. Ngumi tano, si mbili, zote baada ya wimbo. Kasi ipi?
Dada yuko sebuleni. Kaja kuona ushahidi, kesho ampeleke mwongozaji polisi. Anauliza kama video imefunguka.
Nimejibu bado.
Nasikia kiti kinasogea. Anakuja.