Mashada Kumi na Mawili ya Tak Gwang-chil

Mwaka mzima umekatika leo, Baba, tangu Jumanne ile uliyoinama mlangoni kufunga kamba za viatu uende kazini, ukabaki umeinama. Ulikuwa na miaka sitini na mmoja. Mama alikuwa jikoni, akadhani unatafuta kiatu cha pili.

Tangazo la kumbukumbu gazetini kama hili huandikwa kwa upole, nami nililianza kwa upole. Mama akalisoma, akalirudisha mezani. "Huyu ni nani?" akaniuliza. "Mimi malaika huyu simjui. Mwandike baba yako. Na umwambie bado nimemkasirikia."

Basi, Baba, umeambiwa. Na mimi pia nimekukasirikia.

Ulikuwa fundi wa boila, mitambo ya maji moto ya kupasha sakafu za nyumba, hapa Mokpo kwa miaka thelathini na minne. Mabomba yakiganda mwezi wa kwanza, hukumwambia mtu hata mmoja asubiri kesho. Yule bibi wa mtaa wa mlimani ulimtengenezea sakafu yake ikapata moto tena, ukakataa malipo, ukala viazi vitamu vyake vitatu ukasema mmelipana. Kila Jumapili asubuhi ulimmenyea Mama peasi, ukampa vipande vyote vizuri, wewe ukabaki kuguguna kiini chenye mbegu. Mama anasema hilo lazima liandikwe, kwa sababu hajapata mtu wa kumkatia peasi zikatoka sawasawa.

Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba ulikuwa na mke wa pili, na jina la mke huyo ni Pweza wa Mokpo, timu ya besiboli ambayo haikuwa imechukua ubingwa kwa miaka ishirini na sita.

Kiti chako kilikuwa safu ya tano, upande wa kituo cha kwanza, chini kabisa ya jukwaa la kiongozi wa shangwe. Kila mchezaji ana wimbo wake, nawe ulizijua nyimbo zote, hata za waliouzwa, hata za waliostaafu wakafungua maduka ya kuku wa kukaanga. Mrushaji wa wageni akikwepa kumkabili mpigaji wetu, akaurusha mpira kituo cha kwanza kumtisha mkimbiaji, uwanja mzima humkemea kwa neno moja, "We!" Sauti yako ilitangulia ngoma. Na wale wanaobeba mifuko yao awamu ya nane kati ya tisa timu ikiwa imezidiwa, uliwazibia njia na fulana yako ya zambarau. "Kaeni chini! Mgonjwa haachwi kabla hajakata roho!"

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Mwezi wa nne kifua kilianza kukubana ukipanda ngazi za wateja. Daktari akataka ulazwe siku mbili upimwe moyo, kuanzia Jumanne, maana Jumanne ndiyo siku yake. Jumanne ya kwanza ukapiga simu kuahirisha, kwa sababu timu ilikuwa imerudi nyumbani baada ya kupigwa ugenini wiki nzima. Ya pili ukaahirisha, kwa sababu Nam Tae-bong, yule mdakaji unayempenda kuliko wakwe zako, alikuwa anacheza mechi yake ya elfu moja. Ya tatu, mwezi wa sita, Pweza walikuwa wamefungwa mara tisa mfululizo.

"Baba Seol-hui," Mama akakuambia, "safari hii nenda hospitali. Nakuomba."

"Mama Seol-hui, mgonjwa haachwi peke yake."

Mama akashusha pumzi, akaanza kukupangia nguo za kulalia na mswaki. Alidhani unazungumza juu yako. Kumbe ulikuwa unazungumza juu ya Pweza. Jumanne hiyo ya tatu, saa ambayo ungekuwa kitandani na waya za daktari kifuani, ndiyo uliyoinama mlangoni.

Hili Mama hajakusamehe. Mara tatu, Baba. Mtu akiahirisha mara moja tunamwita msahaulifu, lakini mara tatu ni kuchagua.

Halafu ukatuachia na mashada.

Nchi yetu hii, mashabiki wakichoshwa na timu, huipelekea ofisini mashada ya msiba, yale makubwa ya ghorofa tatu ya maua meupe, na tepe zake ndefu zenye maandishi, ili wakubwa waone mazishi yao wakingali hai. Jumatatu, siku moja kabla, wewe na Bwana Pyo, jirani yako wa kiti, mliagiza mashada kumi na mawili kwa Bibi Gu, muuza maua wa karibu na stesheni. Mliyaagiza kwa jina lako, tepe mkaziandika wenyewe. Anwani mkasema mtamwambia baadaye, kwa sababu mlikuwa bado mnabishana kama yapelekwe ofisini au yapangwe kwenye lango la uwanja. Jumanne Bibi Gu akasikia Tak Gwang-chil amefariki. Akatazama daftari lake: mashada kumi na mawili ya msiba, jina Tak Gwang-chil, anwani hakuna. Akaona mambo yamejieleza.

Tepe hakuzisoma. Alituambia baadaye kwamba yeye hasomi tepe za watu, hayo ni mambo ya familia.

Yakaingia ukumbi wa msiba siku ya pili mchana, watu wamejaa, wanakula supu ya nyama. Yakapangwa kulia na kushoto kwa picha yako. Shangazi Gwang-ja, dada yako mkubwa, alikuwa ameshuka kutoka Naju na miwani yake. Akaanza la kwanza, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Umetutia aibu msimu mzima. Nenda salama." Akasogea la pili. "Tunakuzika na mbinu zako." Kwenye la tatu sauti ikamkauka: "Hatukulilii. Tumechoka tu."

Akageuka. "Wifi. Nani amemwandikia ndugu yangu maneno haya?"

"Si mimi, wifi," Mama akajibu. "Mimi ningeandika makali zaidi."

Hapo ndipo Bwana Pyo alipoingia, viatu mkononi, akayaona. Akapiga magoti palepale. "Shemeji! Jamani, shemeji, hayo yalikuwa ya kocha!"

Watu wa safu ya tano waliinamisha nyuso kwenye bakuli zao, mabega yakawatikisika. Mama hakucheka. Na hakulia, si siku hiyo, si siku ya kukuzika, si mwaka mzima. Majirani walisema ni mwanamke imara. Uongo. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka machozi yakakosa pa kupita. Fulana yako ya zambarau aliifungia kwenye ndoo iliyopasuka ya kuchachushia kabichi. Jina la Pweza likapigwa marufuku nyumbani, na pweza mwenyewe sokoni akaacha kumnunua.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, meneja wa klabu alitokea kwenye televisheni na tai yake ya zambarau. Aliulizwa kuhusu mashabiki wenye hasira. Akatabasamu. "Waliokuwa wakitupigia kelele ni wazee wachache walevi," akasema. "Na sasa wamekwisha."

Mama alikuwa anakatakata figili. Kisu kikasimama.

"Wamekwisha?" akasema. "Wa-me-kwi-sha? Mtu aliyekuwa anakunywa bia moja mpaka inapata moto?" Akafuta mikono, akampigia simu Bwana Pyo, ambaye tangu siku ya mashada alikuwa akimkwepa hata njiani. "Kiti cha mume wangu kiko wapi?"

Jumapili iliyopita alikwenda. Miaka thelathini na mmoja ulimbembeleza aende nawe akakataa, na amekwenda wewe haupo. Alivaa fulana yako ikinuka kabichi, ikamfika magotini. Wimbo hata mmoja hakuujua. Alikaa kati yangu na Bwana Pyo na mirija ile ya upepo ya kugonganisha kwa shangwe ameiweka mapajani, ametulia, kuku wake wa kukaanga hajamgusa. Pweza walidondosha mpira mara nne, wageni wakapata alama kumi na moja. Sisi tulikuwa na mbili.

Awamu ya nane kijana mmoja na mchumba wake wakaanza kupita mbele ya magoti yake na mifuko.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Mechi imekwisha."

"Imekwisha nani kakwambia? Mbona watu wa siku hizi mnapenda sana kumaliza vitu visivyokwisha! Kaa!"

Walikaa, Baba. Na kuku wao. Na mrushaji wa wageni alipourusha mpira kituo cha kwanza, Mama alisimama akapiga "We!" peke yake, kabla ya ngoma. Safu ya tano nzima ikageuka kumtazama. Bwana Pyo akavua kofia akajifunika uso.

Tulifungwa kumi na moja kwa tatu. Nje, lango la tatu, watu walikuwa wamelizuia basi la timu kama mlivyokuwa mkilizuia nyinyi, wakipiga kelele kocha ashuke awajibu. Kocha akashuka. Watu wakampisha Mama mbele, na mimi nikamshika mkono nikidhani ataanguka.

"Mume wangu alikuwa Tak Gwang-chil," akasema. "Aliahirisha daktari mara tatu kwa ajili yenu. Mara tatu! Nanyi hata mpira unaokuja mkononi hamwezi kuudaka?"

Kocha akavua kofia, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, na Nam Tae-bong, aliyekuwa ngazini mwa basi, akashuka naye akainama.

"Msiniinamie mimi," Mama akasema. "Kadakeni mpira."

Kisha akageuka, akaingia kwenye gari la Bwana Pyo, akalia. Alilia kutoka lango la tatu hadi nyumbani, kwa sauti, akikutukana kwa majina ambayo gazeti hili halitayachapa. Alilia mwaka mzima uliokuwa umemkaa kooni.

Leo tumekuwekea mezani mbele ya picha yako wali, samaki mkavu, peasi na kuku wa kukaanga. Shangazi amesema kuku wa uwanjani hawekwi mbele ya marehemu. Mama amesema marehemu huyu hali kingine. Peasi amezimenya mwenyewe, hazikutoka sawasawa, utazila hivyohivyo.

Na mashada kumi na mawili yametoka kwa Bibi Gu asubuhi ya leo. Safari hii amezisoma tepe zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, na anwani ameirudia mara tatu: ofisi ya klabu, ghorofa ya pili, mlango wa meneja. Tepe zote zina ujumbe mmoja, ameuandika Mama kwa mkono wake: "Tak Gwang-chil, safu ya tano. Sijaondoka."

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na kwa hasira ni mkeo Ok Bun-rye, binti yako Tak Seol-hui anayeandika haya, dada yako Tak Gwang-ja wa Naju, Bwana Pyo ambaye bado anaomba radhi, na safu ya tano yote.

Hatutakusahau hata siku moja, Baba. Na huko uliko, kama kuna daktari anayepokea wagonjwa Jumanne, nenda.