Pasi Juu ya Gauni

Jumapili, 3 Machi
Nimetoka ibadani macho mekundu. Nimelia mpaka mama wa benchi la mbele kanipa leso, akidhani nimeguswa. Kuguswa wapi! Mdomo unasema "Bwana, nipe moyo mpya," macho yanakagua mshono wa koti la mhubiri. Umekaa upande. Sijui nani ananichefua zaidi – wanaopiga kelele mbele ili waonekane, au mimi.

Jumatatu, 4 Machi
Tangu Mama Pasi, mpiga pasi wetu, afukuzwe, mafundi wote tunajipigia pasi wenyewe. Manung'uniko tu.
Gauni la bibi harusi lililomponza nililiunguza mimi. Mama Pasi alikwenda kula, mimi nikakosa subira, nikalipiga pasi mwenyewe. Simu ikalia – nikaiacha pasi juu ya kitambaa! Alama nzima kifuani. Nikarudi kwenye cherehani yangu, kimya. Bosi hakuuliza hata swali: pasi ni ya Mama Pasi, basi, aondoke. Bosi gani yule, kichwa cha kufugia nywele. Nami nikainamia mshono, mtakatifu mzima.

Jumatano, 6 Machi
Nimefunga. Mume wangu kacheka: mfungo gani huu wa kuonja mboga jikoni? Nikamwambia aniache, Mungu anajua.
Hilo ndilo linaloniuma. Anajua. Namwomba anisamehe bila kunipitisha kwa bosi. Yaani hata Mungu namwonesha njia ya mkato. Nyoo!

Jumapili, 10 Machi
Leo ibadani Mama Pasi kasimama mbele ya watu. Eti anatubu! Anasema macho yake yamechoka, lazima aliisahau pasi juu ya gauni la watu, na bosi alikuwa na haki. Siku hizi pasi haigusi hata nyumbani kwake, anaiogopa. Amejiuliza weee, mpaka ameamini.
Watu wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia! Mdomo huu ni wa kuzabwa kofi.
Nje kanishika mkono: mwanangu, kesho nisindikize kwa bosi nikaombe radhi, wewe anakusikiliza.
Nikasema, sawa mama.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika chooni, kazini. Mgongo kwenye mlango.
Mama Pasi kapiga magoti, na magoti yenyewe mabovu. Bosi kavimba kichwa, kajiona yeye ndiye mwenye mbingu. Kasema atamrudisha, ila afagie tu, pasi asiiguse tena. Mama Pasi akashukuru. Akashukuru!
Halafu bosi kanigeukia: wewe ulikuwepo siku ile, unasemaje?
Nikasema tumbo linaniuma. Tumbo! Mwanamke mzima na ndevu za kidevuni zimeanza kuota! Nikakimbilia huku. Wiki nzima naomba moyo mpya, kumbe hata huu wa zamani sijawahi kuutumia.
Mlango unagongwa. Si bosi. Ni Mama Pasi, ananiuliza naendeleaje, kaniletea maji ya uvuguvugu.
Sasa ameanza kuniombea, kwa sauti, hapo hapo mlangoni. Anamwambia Mungu mimi ni mtu mwema.
Nimeshika kitasa.