Kiapo cha Kutokukuombea

Kwako mume wangu Zakaria,

Wewe umelala Mutsamudu, mimi niko Magoudjou, mtaa wetu wa Moroni, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane naongea nawe nikijua hutanikatiza. Basi nisikilize. Nimekukasirikia. Hasira hii ilianza siku niliyoshuka bandarini nikaambiwa umezikwa jana yake, na watu wanaoniambia itapungua wananidanganya, maana kila siku inapanda. Tena nimevunja kiapo ulichoniapisha. Nitakueleza kilivyovunjika, lakini nitaanzia mbali, kwa sababu ulipokuwa hai hukunipa nafasi ya kuanzia mbali.

Tulijua tunachokifanya tulipooana. Wewe Mwanglikana wa Wusi, mtoto wa wazee waliookoka na kushuhudia hadharani. Mimi Mkatoliki wa Bura, niliyelelewa na masista. Milima ni ile ile ya Taita, lakini mama yako alilia wiki nzima, na padri wetu alinitazama kama niliyepoteza kitu cha kanisa. Ulipopata kazi ya ufundi wa winchi huku visiwani, nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani tukiwa peke yetu kati ya Waislamu tutasahau mambo ya Wusi na Bura. Wapi! Tulikuwa Wakristo wawili katika mtaa mzima, na bado hatukupatana.

Unakumbuka uji wa asubuhi? Mimi naukumbuka kwa uchungu. Nilikuwa naumimina, tunakaa, unafumba macho, unaanza. Ulimshukuru Mungu kwa uji, kwa kazi, kwa usingizi, halafu sauti inapanda: "Na mke wangu, Bwana, mfungue macho aokoke leo hii." Kila siku, leo hii. Mimi nilifungua jicho moja nikatazama utandu ukijitandaza juu ya uji uliokuwa unapoa. Hukuwahi kuniuliza kama nataka kuombewa hivyo. Nami sikukuzuia hata mara moja. Hilo ulikumbuke tutakapofika mwisho wa barua hii.

Na lile swali lako! Nilikuwa nimeinamia cherehani, uzi umekatika, wewe unasimama mlangoni. "Ukifa leo, unakwenda wapi?"

"Natumaini kwa huruma ya Mungu nitafika kwake."

"Unatumaini! Mtoto anarudi kwa baba yake, anatumaini kufunguliwa mlango?"

"Na wewe umejuaje kwamba utafunguliwa?"

"Ameahidi."

"Ameahidi yeye. Yeye simtilii shaka. Nakutilia shaka wewe, maana nakujua."

Ulicheka mpaka ukashika kizingiti. Nilipenda kicheko hicho, sitasema uongo. Lakini hukuelewa kwamba nilikuwa nasema kweli. Mimi nilifundishwa kwamba mtu anaweza kuanza vizuri akaharibu njiani, kwamba hata anayekufa vizuri huenda bado ana uchafu wa kusafishwa, na kwamba sisi tunaobaki tunaweza kumsaidia. Wewe ulifundishwa kwamba Yesu alimaliza yote, na kuongeza ombi juu ya kaburi ni kumwambia hakumaliza. Kwako lilikuwa jambo la heshima yake. Kwangu lilikuwa jambo la kutomwachia mtu mkono.

Kila Jumapili ulinisindikiza mpaka kanisani, ukakaa nje kwenye ukuta, kwa kuwa kanisa lenu halikuwepo. Kuna siku aliingia mmoja wa wale wazungu mamluki, askari wa kukodiwa, wanaotembea na bunduki kana kwamba nchi hii waliirithi. Sote tulimtambua. Alhamisi iliyotangulia alimpiga mateke dereva wa teksi tuliyopanda kwenye kizuizi cha njia ya Ntsoudjini, mbele ya macho yetu, kwa kosa la kuchelewa kuzima injini. Alipanga mstari, akapokea komunyo, akatoka akiwa ametulia. Ulinisubiri ukiwa umevimba.

"Na huyo akifa mtamsomea misa?"

"Tutamwombea. Tena huyo ndiye atahitaji sana."

"Kwa hiyo ataingia kwa mlango wa nyuma, mnamsukuma nyinyi."

"Na kesho akisimama kwenu aseme ameokoka, mtamwita nani?"

Ulitangulia hatua kumi mbele mpaka Magoudjou. Nilitembea kichwa juu siku hiyo. Sasa naona aibu, kwa sababu tulikuwa tunagombea roho ya mtu ambaye hata jina lake hatukulijua, na dereva aliyepigwa hatukwenda kumjulia hali.

Halafu ikaja safari ile niliyokufuata Mutsamudu, ulikohamishiwa kikazi. Mlikuwa mnajenga gati, na mwenzenu mmoja, Mkatoliki wa Reunion, alikuwa ameangukiwa na mzigo akafa. Padri alimsomea misa. Ulisimama nje ya kanisa na kofia mkononi, ukatoka pale huna raha kabisa. Tulikaa kwenye mawe ya bandari, winchi zimenyamaza kwa ajili ya msiba, ukaniambia, "Mimi usinifanyie vile. Nikifa, nimekwenda kwa Bwana, basi. Sitaki misa, sitaki jina langu lisomwe, sitaki uniombee chumbani. Uape."

Nilikwambia kwetu hatuapi ovyo. Ukasema, "Apa kwa Bikira wako." Wewe! Wewe ambaye ukiona rozari yangu mezani unaisogeza kwa kidole kimoja kama mdudu! Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, nilitaka tule samaki tukalale. Nikaapa kwa Bikira Maria. Ukaridhika, ukanishika mkono, ukaanza kunieleza habari za gia za winchi.

Miezi mitatu baadaye nikaletewa habari kwamba una homa kali. Nilikimbilia bandarini Moroni na kanga moja na chupa ya dawa. Meli haikuondoka. Wale wazungu na askari wao walikuwa wanamtafuta mtu, hakuna chombo kutoka wala kuingia. Siku ya kwanza niliomba. Siku ya pili nilimwambia askari mwenyewe, mtoto wa hapa hapa, kwamba mume wangu anakufa, akaniita bweni, yaani bibi kwa lugha ya hapa, akaniambia, "Hata mimi mama yangu mgonjwa, niko hapa." Siku ya tatu wakatufungulia.

Mwenzako Mmalagasi, yule mliyekuwa mnaimba naye, ndiye aliyenipokea. Alinipeleka kwenye makaburi madogo ya Wakristo, akanionyesha udongo bado mbichi. Kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe, akaniambia hukuogopa, uliimba mpaka sauti ikaisha. Nikamuuliza kama ulisema neno juu yangu. Akatazama chini. "Alisema: mwambie mke wangu asisahau alichoapa."

Zakaria, Zakaria. Mtu ana pumzi chache zimebaki, mke wake amezuiliwa bandarini, na anazitumia pumzi hizo kumkataza misa! Nilitaka kufukua udongo ule nikujibu. Hukuniambia hata kwaheri. Ulikwenda ukiwa na uhakika wako wote, ukaniacha mimi sina la kufanya. Hatukupata mtoto wa kumlea. Kaburi liko kisiwa kingine. Kuomba ndiyo kazi pekee niliyojua kuwafanyia waliokufa, na hiyo nayo ulikuwa umeiondoa mikononi mwangu mapema.

Nilishika kiapo. Nilirudi Magoudjou nikakaa kimya. Nikianza sala ya jioni, nikafika mahali pa marehemu, napita haraka kama napita mbele ya mbwa.

Majirani ndio walionichosha. Wanawake walikuja na mikeka na vyakula, wakaniliza na wakalia nami, halafu wakaanza kuuliza arobaini yako itasomwa wapi. Unajua kwa watu wa hapa siku ya arobaini ya maiti haipiti hivi hivi. Watu wanakusanyika, hitima inasomwa, watu wanakula. Nikawaambia kwetu hakuna. Mama mmoja akasema, "Hakuna? Huyo mtu amekufa au amehama?" Wengine walinitazama wakafikiri nilikuwa sikupendi. Hilo liliniuma kuliko yote, na sikuwa na namna ya kulieleza. Ningewaambiaje kwamba mume wangu alikataa dua?

Siku ya arobaini nilikwenda misa ya asubuhi, misa ya kawaida, nikakaa nyuma. Nilijiambia nimekwenda kwa ajili yangu. Padri akafungua daftari lake la nia za misa, akasema kwa Kifaransa kwamba misa hii inatolewa kwa ajili ya marehemu Zakaria, fundi, aliyefariki Mutsamudu.

Nilidhani nimerukwa na akili. Nikageuka kumtafuta aliyethubutu. Kulikuwa na masista, wazee watatu wa Kifaransa, Wamalagasi wachache, hakuna aliyenitazama. Nilitaka kusimama niseme, hapana padri, huyo hataki. Nikapiga magoti pamoja na wengine. Na mwishoni aliposema, kwa lugha yake, raha ya milele umpe, ee Bwana, watu wakajibu kwa Kifaransa, nami nikasikia sauti yangu ikijibu kwa Kiswahili cha Bura, kwa nguvu, kabla sijaizuia: "Na mwanga wa milele umwangazie."

Hivyo ndivyo kilivyovunjika. Sikukusudia, lakini pia sitakudanganya: nilipojibu, nilipumua. Nilikuwa sijapumua hivyo tangu bandarini.

Nilipotoka nikamkuta Bi Zainaba kwenye ukuta ule ule uliokuwa unakaa wewe. Unamkumbuka, jirani yetu wa uani, aliyekulia Unguja, anayewapelekea masista ndizi. Alikuwa amejifunika shiromani yake kichwa mpaka miguu, amekaa kama mwenye shughuli.

"Wamemsomea?" akaniuliza.

"Ni wewe, Bi Zainaba?"

"Ni mie. Nilimuuliza mwalimu wa msikitini kwetu. Kasema kumwombea mumeo maghufira, msamaha wa Mungu, si ruhusa kwetu, ila kumfaa jirani aliyefiwa ni ruhusa. Basi nikaenda kwa padri wako nikamwambia, mtu wenu leo arobaini yake, msomeeni kwa dini yenu. Kumbe hata kuambiwa alikuwa hajaambiwa!"

Nikamfokea, mama wa watu, mwenye umri wa mama yangu. Nikamweleza kiapo, nikamweleza uhakika wako, nikamwambia ameniharibia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Aliyeapa ni wewe, mwanangu. Mie sikuapa kitu." Kisha akasema polepole, "Mie nataka kumwombea yule kijana dua, dini yangu hainiruhusu. Yako inakuruhusu, nawe unajizuia. Sasa nani kati yetu aliye na msiba?"

Tulirudi Magoudjou kwa miguu, amenishika kiwiko. Alikuwa amepika wali na nyama kwa ajili ya wanawake wa mtaa, na tulikula, na walikutaja kwa jina, na mmoja akasema Zakaria ni jina la nabii.

Sasa nimekaa hapa, uji mbele yangu, na nimeamua. Huenda wewe ndiye uliyekuwa na haki, na uko kwa Bwana tangu siku ile ukiimba, na maneno yangu hayakuongezei chochote. Sibishani tena. Hukunishawishi, nami sikukushawishi, na sasa wewe unajua na mimi bado natumaini tu. Nitaungama kiapo nilichokivunja, padri atanipa adhabu yangu. Lakini sitaapa kingine.

Miaka yote tuliyokaa pamoja uliniombea kila asubuhi, kwa sauti, bila ruhusa yangu, mpaka uji ukapoa. Nilivumilia. Sasa nafumba macho mimi, nalitaja jina lako, na wewe utavumilia.

Mimi mkeo, nisiye na uhakika