Kwa Mama, Aliyependa Magitaa

Mama yangu mpendwa,

Katika shamba zima la maua ya pareto pale Mau Narok, ni wewe peke yako uliyependa magitaa ya umeme. Wenzako walipenda kwaya za kanisa. Wewe ulingoja Jumamosi saa tisa, kile kipindi cha Kiingereza kilipopiga The Escarpments, wale vijana wanne wa Nairobi na roki yao. Betri za redio zikiisha nguvu ulizianika juu ya bati tangu asubuhi, zipate joto zikubali saa moja zaidi. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mimi nilikuwa bweni Nakuru karibu mwaka mzima, kwa hiyo nadhani hao vijana wanne ndio walikuwa watu wa nyumba yako. Wakati huo sikulijua hilo. Nimelijua juzi tu, tangu nianze kukaa peke yangu.

Kiingereza hukujua. Uliimba maneno vile ulivyoyasikia, na nilipoingia sekondari ukaniuliza, "Wambui, hapa wanasema nini?"

"Hakuna kitu wanasema, Mama. Ni kelele tu."

Ulicheka. "Basi ni kelele tamu."

Nilikuwa kidato cha pili, nyumbani kwa likizo ya Agosti, redio iliposema kwamba watakuja kupiga Nakuru Jumapili mchana. Uliacha uji ukichemka ukatoka nje, ukarudi, ukatoka tena. "Tunaenda," ukasema. Hukuniuliza kama nataka. Nilitaka sana, Mama. Ila nilitaka kwenda bila wewe.

Lori la viazi lilituchukua alfajiri. Tulikaa juu ya magunia na ile baridi ya Mau, ukanifunika shuka yote wewe ukabaki na sweta. Dereva aliposimama Njoro kunywa chai akakuangalia na gauni lako lililopigwa pasi. "Mama Wambui, leo ni harusi?"

"Harusi ni ya mtu mwingine," ukamjibu. "Leo ni siku yangu mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa karibu na stesheni ya gari moshi. Vijana walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wavulana na suruali zao pana za bugaluu zinazofagia vumbi, wasichana na nywele zilizochanuliwa kama maua. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa umri wako. Mlangoni mwanamume mmoja alikuzuia kwa mkono. "Mathe, hapa si mkutano wa kanisa."

"Najua. Si ni The Escarpments? Basi nipe njia."

Walipoanza kupiga nilisahau kila kitu. Niliona kwa macho yangu nyuzi za gitaa zikitetemeka. Nilipogeuka hukuwa kando yangu. Ulikuwa umeenda mbele kabisa chini ya jukwaa, unacheza. Ulicheza kwa mabega, kama wanawake wanavyocheza nyumbani, umefumba macho, kitambaa kimekuteleza kichwani. Watu walikufanyia duara. Wengine walipiga makofi, wengine walicheka wakiwa wameziba midomo, na mimi niliwaona hao wanaocheka tu.

Hapo ndipo Nasim alinishika mkono. Ulikuwa hujawahi kumwona, lakini nilikuwa nimekueleza habari zake: wa darasa letu, baba yake ana duka la vitambaa, msichana ambaye sisi wa bweni tulitamani hata atuulize saa. Alifurahi kuniona. Alikaa nami kwenye benchi la ukutani, na wimbo ulipoisha akasema, "Wambui, umemwona yule mathe? Ni nani yule? Unamjua?"

Nikasema, "Simjui." Na kana kwamba hiyo haikutosha, nikaongeza, "Labda ni wa kufagia ukumbi."

Ulikuwa nyuma yetu. Ulikuwa umenitafuta kwenye umati ule wote, na mikononi ulikuwa na soda mbili za chungwa, yangu na yako.

Nilikuona unasikia. Uso wako haukubadilika. Ulimpa Nasim chupa moja, ukanipa mimi ya pili, ukasema kwa ile sauti ya kusema na watoto wa watu, "Kunyweni, wasichana. Kuna joto humu." Halafu ukainama. Chini ya benchi letu kulikuwa na chupa tupu, nne au tano. Uliziokota moja moja, ukazibeba kifuani juu ya gauni lako la pasi, ukatoka nazo nje kama mtu anayefanya kazi yake.

Uongo wangu uliufanya kuwa ukweli, Mama, ili nisiaibike.

Na mimi nilikunywa ile soda. Nilibaki na Nasim mpaka wimbo wa mwisho. Ulikuwa umewangoja wale vijana miaka mitano, ukawaona kwa nyimbo tatu.

Nilipotoka nilikukuta umekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, ng'ambo ya barabara, umefunga kitambaa chako vizuri. Ulinyanyuka tu. Kwenye lori nilingoja unigombeze. Ningeshukuru hata kofi. Tulipita Njoro, tukaanza kupanda, mashamba ya ngano yameiva pande zote, ndipo ukafungua mdomo.

"Yule wa gitaa ni mfupi," ukasema. "Redioni nilidhani ni mtu mrefu."

Nikacheka. Ulinipa mlango wa kuombea msamaha, nami nikacheka.

Tangu siku hiyo hukuniuliza tena maana ya neno lolote. Jumamosi uliendelea kuwasikiliza, lakini ukinisikia naingia ulipunguza sauti. Kisha bendi ikavunjika, nikaenda chuo cha ualimu, nikaajiriwa Naivasha. Ulipolazwa Nakuru nilikuja na maneno yangu nimeyapanga. Nikaanza, "Mama, ile siku ya ukumbini..." Ukanikatiza. "Si tulienda? Kuna nani mwingine wa shamba letu aliyeenda?" Ukageukia ukutani, na sikujua kama umenisamehe au umenikataza. Wiki iliyofuata tulikuzika.

Sasa naishi kwenye nyumba moja ya walimu, na Jumapili hakuna anayebisha hodi. Napika chakula cha mtu mmoja kisha kinabaki. Nina habari nyingi na sina wa kumpa.

Jumapili iliyopita niliamka nikapanda gari la Nakuru bila kazi yoyote. Nilienda ukumbini. Umefungwa, madirisha yamevunjika, kuna mlinzi mzee mlangoni na koti kubwa. Akaniuliza, "Unatafuta nani, mwalimu?" Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu.

Nikamwambia, "Namtafuta mama yangu."

Aliacha alichokuwa anafanya. "Yukoje?"

Nikamweleza. Nilisema wewe ni mrefu, una pengo moja la mbele, vidole vimeingia rangi ya njano kwa pareto, na ukitembea unaegemea kidogo upande wa kushoto. Nilisema unapenda muziki kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilisema mengi, kwa sauti, barabarani, watu wakipita, na yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hajapita hapa leo," akasema. "Lakini akipita nitamjua. Nimwambie nani alikuwa anamtafuta?"

Nikamwambia. Nami nakuambia wewe, Mama, hapo ulipo: lala vizuri.

Ni mimi,
msichana wako.