Nimerudi Bila Cherono

Mama Cherono,

Nimerudi, na nimerudi peke yangu. Nakuambia hilo mapema kabla hujaanza kuchungulia nyuma yangu, maana nakujua. Hakuna mtu nyuma yangu. Ni mimi tu na lile begi la kijani la kaka yako, na hata hilo limerudi na gurudumu moja.

Barua hii naiandika wazi, watu wa kanisani waisome wakitaka. Jumapili walinizunguka pale mlangoni, "Mzee, na mtoto je? Na mjukuu?" Nikawaambia nitawajibu nikishakujibu wewe, kwa sababu ni wewe uliyenituma. Ulikuwa umelala hospitalini ukiangalia ukuta, Cherono akiwa ng'ambo na mimba kubwa, ndege zimemkataa. Ukaniambia, "Akishajifungua, umlete nyumbani. Usiniache hapa bila mtoto wangu." Nikaitikia. Wewe ukafumba macho, mtoto akazaliwa nyuma yako, na mimi nikakaa miaka yote hii nimelibeba neno lako.

Basi mwaka huu Cherono akatuma tiketi, nikasema sasa namleta. Hicho kisiwa chao, Bali, ni mbali, hata jina lenyewe linakuambia. Wazee wa kituo cha majani ya chai sasa wananiita "yule wa Pali", maana B haitaki kutoka midomoni mwao, na kila mmoja anataka nimweleze kama huko wanakula ugali. Hawali. Ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na pilipili ya kukutoa machozi mbele ya mkwe wako.

Mkwe mwenyewe ni Nyoman, yule kijana mpishi aliyekutana na Cherono kwa hoteli kule Dubai. Ni mtu mpole, sina neno naye. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye anaokota huku, mimi naokota kule. Mtoto ndiye aliyenishinda. Wanamwita Putu. Huko mzaliwa wa kwanza wa kila nyumba anaweza kuwa Putu. Ukiita barabarani, wanageuka nusu ya kijiji. Nilikasirika kidogo, nikajiuliza hivi mjukuu wangu amekosa hata jina lake mwenyewe? Na yeye alinikwepa. Nikimwita, anajificha nyuma ya mlango, anatoa jicho moja.

Maneno ya kumrudisha Cherono nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Kwamba nyumba nimeipiga mabati mapya. Kwamba chai ya pale chini mtoni nimemwachia yeye. Kwamba shule ya mtoto iko karibu, na kwamba wewe mwenyewe ulinituma. Kila jioni nilifungua mdomo niyatoe, na kila jioni niliishia kuomba chumvi.

Halafu ikafika sikukuu ya hekalu lao, na Cherono akaniambia tutaenda wote kuona ngoma. Nikakataa kabisa. Mimi, mzee wa kanisa, nitafute nini kwa hekalu la watu? Akasema, "Baba, sikuiti kuabudu. Putu anacheza. Nakuita umwone mjukuu wako." Ungekuwapo ungenikanyaga mguu chini ya meza. Nikaenda.

Sasa hapa ucheke. Huko huingii hekaluni bila kufungwa nguo kiunoni, uwe mwanamume uwe mwanamke. Nyoman akapiga magoti mbele yangu, akanifunga leso. Mimi! Leso ya maua, juu yake mkanda wa manjano, na kitambaa kichwani. Mkwe ananizunguka kiuno hivyo, na mimi nimesimama mikono juu kama mtu anayepekuliwa na askari! Nilitazama mawingu mpaka akamaliza.

Tukakaa chini uani, wapiga vyuma wakaanza. Ni vyuma vingi vinagongwa kwa pamoja, kelele ya kwanza nikadhani wamepotezana, baadaye sikio likazoea. Nikamuuliza Nyoman ngoma yenyewe inaitwaje. Akasema, "Pendet." Masikio yangu haya yakasikia sinendet. Haki nilimshika mkono! "Hiyo naijua! Hata kwetu iko!" Nikaanza kumweleza kuhusu ule mmea unaotambaa kwenye miti mtoni, jinsi tunavyomvika shingoni mtu aliyeshinda akirudi nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, na hakuelewa hata kidogo.

Lakini nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa kwenye uwanja wa shule, ile siku Cherono wetu alipokimbia mbio za watoto, wewe umetoka kuchuma chai na gunia lako la plastiki bado liko kiunoni. Ulikuwa umekata sinendet tangu asubuhi, kabla mtu hajakimbia. Nikakuuliza, "Na akishindwa?" Ukanitazama kama mjinga. "Nitamvika tu. Kwani ni wa wengine?" Na alishindwa kweli, alikuja karibu na mwisho, anachechemea. Ukaingia uwanjani ukamvika, ukamzunguka ukiimba, kiatu kikakutoka ukakiacha. Walimu walicheka. Mimi nilisimama kando nikijifanya sikujui, na moyoni nilitaka kuimba na wewe.

Nilipozinduka, wasichana walikuwa wamejipanga kwenye lango la ndani la hekalu, wamefungwa nguo za dhahabu, maua kichwani, kila mmoja na bakuli la maua mkononi. Sikuweza hata kujua wetu ni yupi. Mkanda wa mmoja ulikuwa unalegea. Cherono, pale alipokaa na wanawake, akaona, akaita kwa nguvu juu ya vile vyuma: "Tapkigen!"

Mtoto akageuka. Na mimi nikageuka, Mama Cherono. Nilidhani umefika.

Hilo jina lako ni nani analijua? Mama yako alikuwa akikuita hivyo, na mimi siku tukiwa peke yetu. Cherono alipomaliza kumfunga mtoto mkanda, akaja akakaa karibu nami, akaona uso wangu. Akaniambia polepole. Alijifungua huko hospitalini bila shangazi, bila mwanamke yeyote wa kwetu wa kumwitia mtoto majina ya waliotangulia mpaka apige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yake. Akaamua kuita mwenyewe. "Nikaanza na watu wako, Baba. Nikawamaliza wote, mtoto kimya, nesi ananiangalia kama nimerukwa na akili. Nikasema Tapkigen. Akapiga chafya."

"Bila kumtia ugoro puani?" nikamuuliza.

"Bila hata pilipili."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa ukilia kila nikipiga simu, Baba. Nikasema nitakuambia ukija."

Wakaanza kucheza. Wanakwenda chini, magoti yamekunjwa, macho yanatupwa kulia na kushoto, vidole havitulii hata kidogo. Nilivitazama vile vidole nikakumbuka vyako kwenye majani asubuhi na umande. Kisha nikamtazama Cherono. Mikono yake ilikuwa inacheza mapajani, kila anachofanya mtoto, yeye anakifanya kidogo, anahesabu kwa lugha yao. Jirani yake akamnong'oneza kitu, wakacheka mpaka akamlalia begani. Sijawahi kumwona ametulia hivyo, hata alipokuwa kwetu. Yale maneno yangu ya mabati na ya chai ya mtoni nikayameza pale pale, na yalikuwa machungu.

Mwisho wasichana wakatoa maua bakulini, wakayarusha hewani, ndivyo wanavyowakaribisha wageni wao wasioonekana. Ilipokwisha, mtoto akanijia mbio, jasho limechora rangi usoni. Akaniwekea bakuli mapajani, limebaki na maua mawili matatu. Akasema, "Kugo." Babu, kwa Kikipsigis safi kabisa. Halafu akakimbilia wenzake, nami nikabaki nimelishika. Ni hilo neno moja tu tuliloongea safari nzima.

Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, Cherono alinishika koti. "Baba, ulikuja kunichukua, si ndiyo?" Nikamwambia nilikuja kumsalimia. Akalia, nami nikalia, Nyoman akashika begi hajui aliweke wapi. Cherono aliniomba nibaki nao. Nikasema majani yananingoja.

Na kweli yalikuwa yananingoja, yamekua mpaka yamekuwa kichaka. Nachuma tangu nirudi. Ule mstari wako wa juu nauacha mwisho, kama zamani ulipokuwa unasema nisiuguse, nauharibu. Huku kuna baridi siku hizi, ukungu unakaa mpaka saa nne. Jioni nafunga mlango mapema na ninakuwa mpweke, sina njia nyingine ya kulisema. Nasikia redio ya jirani zaidi ya ninavyosikia sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo wa kanisani nao wasome, jibu ndilo hili. Nilishindwa, narudi wa mwisho, nachechemea. Na wewe nawe una maneno: ulinituma nikakuletee mtoto, kumbe ulishachoka kuningoja, ukatangulia ukaenda kwake mwenyewe. Sikulaumu. Mkae vizuri huko. Mfundishe huyo mdogo neno la pili, ili nikipiga simu tuwe na la kuongea.

Lakini ile sinendet bado iko pale mtoni, imepanda mti wote. Uniwekee kipande, univike siku nikifika. Sasa nyote mna nyumbani kwenu, na aliyebaki kuletwa ni mimi.

Wako wa siku zote,
Baba Cherono