Uzio wa Mama Lazima Ung'oke

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Mikono inaniuma hadi kushika simu ni kazi, lakini naandika.

Baba ameshasema. Mvua za vuli zikichanganya na rweya yetu bado imejaa omuhuki, ng'ombe wote wanauzwa. Rweya ni ule uwanda wa nyasi nyuma ya migomba, tunapochungia tangu nikiwa mtoto. Omuhuki ndiyo ile lantana yenye vimaua vya njano na waridi ambavyo wageni hupenda kuvipiga picha. Wangejua.

Simlaumu Baba. Kiangazi hiki nyasi zilipokwisha, mtamba wetu Bihogo alikula majani ya omuhuki, yakamdhuru. Akawa analikimbia jua, macho yakageuka manjano, ngozi ya pua ikababuka. Nilimkatia migomba, nikamjengea kivuli nyuma ya zizi. Amepona, ila kovu limebaki. Siku zile Baba alikuwa hamalizi chakula.

Mimi nililia kabisa.

Basi kiangazi chote nang'oa. Mwaka jana tulichoma moto rweya nzima, kama wazee walivyozoea, ili mvua ikija nyasi changa zitoke. Zilitoka, na omuhuki ukatoka zaidi, kila kisiki na machipukizi yake. Sasa nachimba shina moja moja kwa jembe, nashuka hadi chini ya shingo ya mzizi, kisha naugeuza juani ukauke. Kaka zangu wananitania kwamba nimeolewa na kichaka. Waache waseme, wao wameng'oa vingapi?

Lakini wiki hii nilipokaa kupumzika nikawatazama ndege. Wanakula vitunda vyeusi kwenye uzio wa nyumbani, ambao nao ni omuhuki mtupu, wanaruka, wanatua kwenye miti ya rweya na kuacha kinyesi. Chini ya miti niliyokwisha kusafisha kuna miche mipya. Mimi nachimba huku, nyumbani tunapanda.

Na uzio ule ni wa Mama.

Aliupanda alipoolewa hapa, kwa vijiti alivyokata kwao Rugera. Wazazi wake wamekufa, shamba lao limegawanywa, na nyumba aliyozaliwa haipo tena. Uzio ndicho kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwao. Anaupunguza mwenyewe, hata Baba haugusi.

Jana baada ya chakula nikajikaza nikamwambia. Nikamweleza habari za ndege, nikamkumbusha Bihogo. Alisikiliza huku akimenya ndizi za jioni, uso hakuuinua. Kisha akasema, "Subirini nife kwanza."

Niliona aibu, halafu hasira, halafu vyote kwa pamoja. Najua ninachomwomba. Najua pia kwamba ng'ombe wakipanda lori la mnunuzi kwenda Murongo hawatarudi, na Baba bila ng'ombe simjui ni mtu gani.

Leo asubuhi nimemwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikachukua jembe nikaenda upande wa uzio ulio karibu na zizi. Nilijiambia kwamba akinikataza nitaacha. Nilikuwa najidanganya.

Hakunikataza. Alikuja akasimama nyuma yangu, kanga mabegani. Shina la kwanza lilikuwa nene kuliko mkono wangu. Lilipotoka akainama, akalipangusa udongo kwa vidole, akachungulia shimoni. Nikasubiri matusi.

"Umeacha kipande," akasema. "Hicho kitachipua. Lete jembe."

Akachimba. Alichimba huku analia, wala hakujificha, na mimi sikumnyamazisha. Tulipokezana hadi jua likaelekea kuzama, na upande wote wa zizini ukawa wazi. Amesema mvua ikinyesha tupande omuramura hapo, ule mmea wa mipakani, kwa kuwa wenyewe haujawahi kuivamia rweya ya mtu.

Rweya bado nusu, na mawingu hayanisubiri mimi. Kesho kanisani. Jumatatu alfajiri narudi kwenye jembe, na kaka zangu nitawagongea mlango, hata wakinitania.

Upande wa mbele, unaotazama mlango wake, Mama amesema nisiuguse. Atauchimba mwenyewe.

Mimi nitabeba mizizi.