Video ya Ibada ya Lulindi

Jumamosi, Newala

Na ni mimi niliyemfanya ajue. Nisingeuliza, leo Baba Neema angekuwa na huzuni ya mama yake tu.

Baba Neema wa Lulindi aliniagiza nimtengenezee video ya picha za marehemu mama yake, ionyeshwe leo kwenye ibada ya kumbukumbu. Asubuhi akanitumia ujumbe wa malipo. Nikaangalia salio, hakuna kilichoingia. Tangu nilipotapeliwa kadi za harusi nilizotengeneza, kwa ujumbe wa malipo wa kughushi, situmi kazi kabla pesa haijaingia kwenye simu yangu.

Nikampigia.

"Pole na msiba, Baba Neema. Pesa haijafika."

"Mama Salma, ujumbe si umeuona? Watu wameshakaa."

"Nimeuona. Lakini salio langu ni lile lile."

Akasema polepole, "Nilimpa shemeji, mume wa dada yangu, taslimu akutumie. Huo ujumbe kanipa yeye."

Nyuma yake waumini walikuwa wanaimba.

"Yuko hapa," akasema. "Amekaa na dada yangu. Naomba hili libaki kwetu, Mama Salma. Dada asijue."

Nikamtumia video bila malipo. Ningefanyaje? Utaratibu nimeuweka kwa ajili ya matapeli, si kwa mtu aliyefiwa.

Jioni pesa imeingia, yote. Nikasoma jina la aliyetuma; nililiandika mwenyewe chini ya picha za familia kwenye video.

Ni dada yake Baba Neema, yule asiyepaswa kujua.